Mkunga baada ya kuzalisha mtoto mfu: tumsaidieje?

Swali (msimamizi wa leba): Wadau, mtoto amezaliwa mfu usiku, na kitanda cha pili kuna mama anasukuma. Siku zinazofuata mkunga yule hapati usingizi, anawapa wajawazito rufaa za kwenda hospitali nyingine hata zisizohitajika. Tufanyeje?

Muuguzi mkunga: Mtoe leba dakika 15, mwenzake ashike mgonjwa wake. Kabla ya kukabidhi zamu kaeni wote mliokuwepo, hata mhudumu aliyemfunga mtoto kwenye khanga. Huyo husahaulika kila mara, inaumiza sana. Ulizeni kipi kilikuwa kigumu na nani anamsindikiza nani nyumbani. Makosa yasijadiliwe hapo.

Daktari wa uzazi: Uhakiki wa kifo uje baadaye, kwa faili na patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi), bila jina la mtoa huduma. Mkianza na "nani alikuwa zamu?", watu watajaza patografu za kubuni. Na kama ngozi ya mtoto ilikuwa imechubuka na kubabuka, mwambieni mkunga waziwazi: kwa kawaida ina maana alifia tumboni saa nyingi kabla. Wengi hujilaumu bure.

Mshauri nasaha: Tukio likimrudia akilini zaidi ya mwezi mmoja, au akikwepa leba, apate mtaalamu wa afya ya akili asiye bosi wake.