Mabaki ya kale Uvinza na vituo vya kwanza vya wamisionari: tuanzie wapi?

Msafiri_Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, tunatokea Kigoma mjini na gari dogo. Tunataka kuona magofu ya Uvinza kando ya Mto Malagarasi, halafu makanisa ya mwanzo kabisa. Siku mbili zinatosha?

Ruchugi: Mkuu, Uvinza msitafute kuta, hazipo. Wengi hupita juu ya mabaki wakiuliza magofu yako wapi. Kilichopo ni chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Watu walichemsha maji hayo kwenye vyungu tangu karne ya 5 au 6. Wanaakiolojia walichimba hapo mwaka 1967. Tazameni chini: udongo ulioungua, majivu, na vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika), vingine vina michoro ya mistari ukingoni. Pigeni picha, kisha kiacheni kigae pale pale kilipo. Kikishaondolewa kwenye tabaka lake la udongo hakisemi tena ni cha enzi gani, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda.

Nendeni kiangazi. Masika mto hufurika na chemchemi humezwa. Hata wachemsha chumvi wa zamani walisubiri maji yapungue. Anzeni ofisi ya kijiji, mwombe mwenyeji wa kuwaongoza, maana sehemu nyingine ziko ndani ya eneo la mgodi wa chumvi na bila ruhusa mtarudishwa getini. Malagarasi ina mamba, msishuke kunawa.

Mwana_Ujiji: Naongezea upande wa kanisa. Wamisionari wa London (Waprotestanti) walifika Ujiji 1878, White Fathers (wamisionari Wakatoliki) Januari 1879, ila hawakudumu, kwa hiyo kanisa la enzi hizo hamtalikuta. Nendeni kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ipo miembe iliyotokana na ule ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake 1871. Mtashangaa Ziwa Tanganyika liko mbali: maji yalishuka kama mita 10 baada ya Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, kuzibuka miaka ile ya 1870 mwishoni.

Majengo hasa yako Karema, mkoani Katavi. Ngome ya Wabelgiji ya 1879 walikabidhiwa White Fathers 1885.

Ruchugi: Na njia ya Karema inapita hapo hapo Uvinza, mnakata kusini kwenda Mpanda. Ujiji na Uvinza siku mbili zinatosha. Mkiweka na Karema, ongezeni mbili, na hilo gari dogo mliache.

Msafiri_Mwanga: Nimeelewa, asanteni sana. Karema tutaipangia safari yake.