Ushauri: nifuate tamthilia ipi ya Kituruki msimu huu kwa saa 5 za wiki na bando la GB 8?

MtazamajiWaUsiku
Wakuu, habari za jioni. Sultan nimeimaliza yote, ile iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na sasa nataka tamthilia ya Kituruki inayoendelea kurushwa msimu huu wa 2024/2025, niifuate wiki kwa wiki. Nina saa 5 kwa wiki na bando la GB 8 kwa mwezi, simu na kompyuta vyote vipo. Majina ninayoyasikia ni Uzak Şehir, Bahar, Kızılcık Şerbeti na Kuruluş Osman. Naomba kujua nianze na ipi, kwa nini namba za sehemu hazilingani kati ya mahali na mahali, na manukuu gani nitegemee, kwa sababu ya Kiingereza yananichanganya nani ni nani. Naomba msitoboe mwisho.

Kochi_la_Nyuma
Karibu mkuu. Nianze na urefu, maana ndio unaoamua mengine. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki ina dakika 130 hadi 150 bila matangazo. Inaanza saa 2 usiku na inakaribia saa 6 ndipo iishe. Saa zao na zetu ni zilezile: tangu 2016 Uturuki imebaki kwenye saa moja mwaka mzima, sawa na Dar na Nairobi.

Urefu huo unatokana na biashara. Kituo kinajaza usiku mzima kwa mchezo mmoja, kwa hiyo kinalipa gharama za uzalishaji mmoja badala ya mbili, na sheria inaruhusu matangazo yasiyozidi dakika 12 kwa kila saa. Saa zikiongezeka, matangazo nayo yanaongezeka. Wafanyakazi wa tamthilia waliandamana Istanbul Desemba 2010 na kaulimbiu "Yerli dizi yersiz uzun", yaani tamthilia ya nyumbani ni ndefu pasipo sababu. Mpaka leo hazijapungua.

Kwa hiyo saa zako 5 zinatosha sehemu mbili tu: dakika 260, yaani saa 4 na dakika 20. Ya tatu usijaribu.

FundiManukuu
Kuhusu namba: tamthilia ikiuzwa nje inakatwakatwa kuwa vipande vya dakika 45 hivi. Ukiona "sehemu ya 20" kwenye kisimbuzi au kwenye programu ya kulipia, zidisha 20 kwa 45 upate 900, gawanya kwa 130, unapata kama 7. Uko kwenye sehemu ya 7 ya Uturuki. Sultan yenyewe kule ina sehemu 139 katika misimu minne. Usisome maoni ya watu kabla hujajua wanahesabu kwa namba zipi, hapo ndipo wengi wanatobolewa bila kutaka.

Toleo lililokatwa lina kasoro nyingine: mkato unaangukia katikati ya tukio, kwa hiyo sehemu inaisha mtu ameshika kitasa cha mlango na hujui kama ndio mwisho uliokusudiwa. Mwandishi aliandika kilele kimoja kila baada ya dakika 130, sio vitatu.

Shangazi_wa_Pwani
Mwanangu, anza na Uzak Şehir. Ilianza 11 Novemba 2024, inarushwa Jumatatu Kanal D, na mpaka sasa, mwanzoni mwa Januari 2025, sehemu zake hazijafika kumi, kwa hiyo hujachelewa. Ni hadithi ambayo sisi tunaielewa bila mkalimani: Alya anatoka Kanada na maiti ya mumewe kwenda kuizika kwao Mardin, kisha wakwe wanamwambia wewe ondoka ukitaka, mtoto ni wetu haondoki. Anayebaki mbele yake ni shemeji yake, Cihan. Kurithiwa kwa mjane kumetajwa mezani kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Mtazame mama mkwe, Sadakat. Hapigi kelele. Anakaa kwenye kiti chake ule ua wa nyumba ya mawe, anatazama, na wanaume wote wenye bunduki wanasubiri aseme. Ndiyo uigizaji ninaoupenda msimu huu kuliko wowote.

Daktari_wa_Skrini
Shikamoo Shangazi. Naheshimu chaguo lako, ila mimi nasema Bahar, Show TV, Jumanne. Demet Evgar anaigiza mama wa nyumbani aliyesomea udaktari, akaacha kwa miaka 20, akaugua ini, na mumewe daktari mwenye ini linalolingana anasitasita kumchangia. Anapona, anarudi hospitali kuanza upya chini ya vijana wa umri wa mwanawe. Kicheko na kilio vinakaa kwenye tukio moja, na hilo ni gumu kuandika.

Angalizo: imetoholewa kutoka tamthilia ya Kikorea ya 2023, Doctor Cha, yenye sehemu 16 tu. Sehemu 16 za dakika 70 ni kama saa 19. Kwa mwendo wa Kituruki hadithi ya asili inakwisha kwenye sehemu ya 9 hivi. Baada ya hapo waandishi wanatunga wao wenyewe, na utaona: wagonjwa wa wiki wanaongezeka, siri za familia zinafukuliwa moja baada ya nyingine. Msimu wa kwanza umebana vizuri. Wa pili unavutavuta, lakini Evgar anaubeba.

Kochi_la_Nyuma
Uzak Şehir nayo ni utohozi, wa Al Hayba ya Lebanoni ya 2017. Tofauti ni kwamba ile ya Lebanoni ina misimu kadhaa ya kuchotea, kwa hiyo kisima hakikauki haraka.

Kızılcık Şerbeti ni kazi nzuri sana, familia ya kidini na isiyo ya kidini zimeunganishwa na ndoa ya watoto, na inawatendea haki wote wawili. Lakini ilianza Oktoba 2022. Kuifikia kwa sehemu mbili kwa wiki utatumia zaidi ya mwaka. Ukiamua siku moja kuianza, ujue kuna pengo la Aprili 2023 ambalo sio kosa la aliyepandisha video: RTÜK, mamlaka ya utangazaji ya kule, iliamuru isirushwe mara 5 kwa sababu ya tukio la ukatili dhidi ya mwanamke.

Kuruluş Osman iko msimu wa 6 tangu 2019. Kama umependa Sultan kwa ajili ya fitina za ndani ya kasri, hii haitakutosheleza, ni farasi na mapanga zaidi. Iache.

FundiManukuu
Sasa manukuu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kituruki hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi, ni "o" kwa wote. Tafsiri ya mashine kwenda Kiingereza inalazimika kubahatisha jinsia, na inakosea. Ndio maana hujui nani anazungumziwa. Kiswahili nacho hakina shida hiyo, "amekuja" ni amekuja tu. Chagua Kiswahili moja kwa moja.

Kwenye YouTube, chaneli rasmi ya tamthilia, fungua kwa kivinjari cha kompyuta: Mipangilio, Manukuu, Kituruki kilichozalishwa kiotomatiki, kisha Tafsiri kiotomatiki, Kiswahili. Usijaribu usiku uleule, manukuu ya video mpya huchukua saa kadhaa kutokea. Muziki ukiwa juu kuliko sauti ya mtu, mstari unaruka. Na tamthilia ikishauzwa kwenye nchi uliyopo, chaneli rasmi inaweza kufungwa hapo, usidhani simu yako ina tatizo.

Maneno ya udugu yajifunze kwa Kituruki, maana Kiingereza kinayapondaponda. Hala ni shangazi, teyze ni mama mkubwa au mama mdogo, Kiingereza kinawaita wote jina moja. Amca ni baba mkubwa au baba mdogo, dayı ni mjomba. Görümce ni wifi kwa maana ya dada wa mume. Yenge ni mke wa kaka au mke wa mjomba. Abi ni kaka mkubwa na abla ni dada mkubwa, ila hutumika pia kwa heshima tu, mtu anaitwa abi na asiye ndugu yake. Gelin ndio mtego mkubwa: mashine inaandika "bibi harusi" kwa mwanamke mwenye watoto wawili, kumbe ni mkaza mwana.

Na salamu: geçmiş olsun ni ugua pole, kolay gelsin ni kazi njema, başın sağ olsun ni pole kwa msiba. Mashine ikikuandikia habari za kichwa kuwa salama, ujue kuna aliyefiwa.

MtazamajiWaUsiku
Asanteni sana. FundiManukuu, hilo la "o" limenifungua macho. Na bando je?

Mpimaji_Bando
Ubora wa 360 unakula kama MB 300 kwa saa, wa 480 kama MB 500. Sehemu mbili kwa wiki ni karibu saa 18 na nusu kwa mwezi. Kwa 360 ni GB 5.6, unabakiwa na akiba. Kwa 480 ni GB 9 na zaidi, umeshapita. Manukuu ya YouTube yanachorwa juu ya picha, hayafifii hata ukishusha ubora. Yanayofifia ni yale yaliyochomwa ndani ya video na mashabiki, hayo chini ya 360 hayasomeki.

Zima uchezaji wa video inayofuata. Ruka özet, ule muhtasari wa mwanzo. Na matukio ya kutazamana: mtu ameingia na sinia ya chai, muziki unapanda, kamera inazunguka nyuso nane mmoja mmoja kabla hajaweka glasi mezani. Hapo weka mwendo wa 1.25, dakika 130 zinakuwa 104. Haipunguzi bando, inapunguza muda.

Shangazi_wa_Pwani
Asiongeze mwendo pale Sadakat anaponyamaza, tafadhali.

Kochi_la_Nyuma
Jambo la mwisho kwangu: usipende tamthilia mpya kabla haijakaa. Asubuhi ya pili yanatoka matokeo ya watazamaji kwa makundi matatu: Total (watazamaji wote), AB (tabaka la juu kwa elimu na kipato) na 20+ABC1 (wa miaka 20 na zaidi, tabaka la juu na la kati). Ikishuka wiki chache mfululizo, kituo kinaikata, na waandishi wanapewa sehemu moja au mbili za kufunga kila kitu. Ndio maana unakuta adui wa miezi mitatu anakufa kwa dakika tano. Uzak Şehir inaongoza Jumatatu, huna wasiwasi huo. Hata tamthilia kubwa inaweza kumpoteza steringi: Meryem Uzerli aliondoka kwenye Sultan 2013, na msimu wa nne Hürrem akaigizwa na Vahide Perçin, kama ulivyoona mwenyewe. Trela za katikati ya wiki nazo usiziamini, wanaunganisha nyuso za matukio mawili tofauti ionekane ni moja.

MtazamajiWaUsiku
Basi naanza Uzak Şehir, sehemu mbili kwa wiki. Nimepiga hesabu: zilizopo ni kama 8, na kila wiki inaongezeka moja, kwa hiyo naifikia baada ya wiki 8, mwanzoni mwa Machi. Bahar itafuata nafasi ya pili ikibaki wazi, na nitaishia msimu wa kwanza kwanza.

Daktari_wa_Skrini
Machi Ramadhani itakuwa imeanza, na wiki ya Idi tamthilia nyingi zinapumzika. Wiki hiyo ndiyo uingize sehemu mbili za mwanzo za Bahar.