Naomba ushauri: nahau za Kiingereza zenye wanyama kwa waongoza watalii

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaofundisha Kiingereza vijana wanaosomea kuongoza watalii hapa Arusha na Moshi. Nataka wazijue nahau chache za wanyama, ila zisiwaharibie kazi mbele ya wageni.

"A wild goose chase" ni kuhangaika kutafuta kitu bure. Inafaa mkizunguka Ngorongoro kutwa nzima bila kumwona faru. Maneno yake hayaguswi: ukibadilisha "goose" (bata bukini) au ukiangusha "a", mgeni anasita. "The lion's share" ina mtego mwingine. Ni sehemu kubwa kuliko zote, si haki ya mtu, na "the" haiondoki.

Inayonitia wasiwasi ni "hold your horses". Ni amri ya kumtaka mtu asiwe na pupa, na farasi daima ni wengi. Kwa rafiki haina neno. Kwa mgeni mzee anayetaka kushuka garini porini ni utovu wa adabu. Bora "just a moment, please". "It's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, ningeiacha kabisa, Waingereza wengi husema tu "it's pouring".

Ninyi mngetanguliza nahau zipi tano? Na "the elephant in the room", yaani tatizo lililo wazi ambalo kila mtu anakwepa kulitaja, mnaifundishaje kwa kijana ambaye kesho anawaonyesha wageni tembo wenyewe Tarangire?