Tunahamia mji wa skii na watoto wawili. Hili la wazazi kujitolea likoje?

Kutoka: Dada wa Sinza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Mume wangu amepata kazi ya upishi kwenye hoteli moja Whistler, Kanada. Viza zimetoka, na tunaondoka Dar mwanzoni mwa Novemba na watoto wetu, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12. Mfanyakazi mwenzake wa kule ametuandikia kwamba watoto wa mtaa wake karibu wote wako kwenye klabu ya mbio za skii, na kwamba wazazi wanatakiwa kujitolea wikendi. Hapo ndipo sijaelewa. Tulipe ada, halafu tukafanye kazi bure? Na mimi theluji nimeiona mara moja tu, kwa mbali, juu ya Kilimanjaro, siku nilipokwenda msibani Moshi. Nitajitolea kufanya nini?

Wenye uzoefu naomba mnisaidie, na nguo nianze kununua zipi.

Kutoka: Mama Pacha

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana kwa viza. Ujumbe wako umenikuta Tabata kwa mama, niko likizo, feni inazunguka na jasho haliishi. Nimeona nikujibu leo leo. Tuko Whistler mwaka wa 9 sasa. Pacha wangu walifika wana miaka 5, leo wana 14, na wote wawili wanashindana.

Nianze na kujitolea, maana hapo ndipo mimi nilipokosea. Vilabu vingi hufanya hivi: wakati wa kuandikisha mtoto, familia inapangiwa idadi ya siku za kazi kwa msimu na inaweka amana. Usipofanya zile siku, amana hairudi. Msimu wa kwanza niliiacha iende. Nilikuwa na zamu mbili, nikaona Jumamosi ni ya kulala. Ikafika Machi simjui mzazi hata mmoja kwa jina, na watoto wangu wakialikwa mahali nabaki kuuliza huyo ni mtoto wa nani.

Chukulia shughuli za kwetu uswahilini. Ukienda ukakaa kwenye kiti, ukala pilau lako, ukaondoka, wewe ni mgeni. Ukipita uani ukashika kisu ukamenya vitunguu, hakuna anayekuuliza umetokea wapi. Mbio za skii zina uani wake, na watu wa mji ule wanafahamiana huko. Pale Whistler kuna kikundi cha wazee kwa vijana kinaitwa Weasel Workers, kazi yao ni kuandaa njia za mbio, na kipo tangu miaka ya 1970. Ndio waliokuwa mlimani wakati wa Olimpiki ya 2010, mvua na ukungu vilipoharibu theluji mpaka mbio za wanaume za kushuka kwa kasi zikasogezwa kutoka Februari 13 hadi 15. Watu wazima wenye kazi zao, wanaamka usiku kusukuma theluji kwa majembe. Mzee mmoja wa mlimani aliponiona siku ya kwanza aliniuliza kama namfahamu Kwame wa Ghana. Alikuwa anamsema Kwame Nkrumah-Acheampong, aliyeshindana slalomu (mbio za kukata kona kati ya nguzo) palepale mwaka ule, mtu aliyejifunzia skii kwenye ukumbi wa theluji ya ndani kule Uingereza. Nilikuwa simjui. Nikaenda kumsoma usiku uleule.

Umeuliza utafanya nini. Huhitaji kujua kuteleza ili kuanza. Mimi nilianza na namba za kifuani: unazigawa asubuhi, unaandika nani kachukua ipi, jioni unazidai zote zirudi. Halafu nikapelekwa kwenye saa. Muda wa mbio unapimwa kwa mitambo ya umeme, lakini lazima wawepo pia watu wenye saa za kubonyeza kwa mkono, mwanzoni na mwishoni, mtambo ukigoma muda wa mtoto usipotee. Unasimama na saa yako na karatasi, kila namba inayopita unabonyeza na kuandika. Kazi haina maneno mengi, na kwa mtu ambaye lugha bado inamsumbua ni mahali pazuri pa kuanzia. Masikio yanazoea redio za mawasiliano taratibu.

Mwaka wa tatu, nikiwa nimeshajifunza kuteleza (nilikuwa na miaka 38, na unaweza), nikawa mwamuzi wa geti. Mageti ni zile nguzo nyekundu na buluu ambazo mtoto anatakiwa kuzipita kwa mpangilio. Unapewa mageti yako matatu au manne, kadi, na penseli. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu huganda. Kanuni yenyewe ni fupi: ncha za skii zote mbili na miguu yote miwili lazima ivuke mstari wa geti. Mtoto akikosea, unaandika namba yake na namba ya geti, kisha unachora alama za skii zilivyopita. Ule mchoro ndio ushahidi wako.

Sasa nikupe kisa kimoja. Ilikuwa Februari, slalomu, theluji ngumu kama sakafu. Akaja binti mmoja, mzuri sana kwa kuteleza, na kwenye geti langu la pili skii moja ikapita ndani ya nguzo na nyingine ikapita nje. Ni kufumba na kufumbua. Akaendelea mpaka chini na watu wakampigia makofi. Mimi nimeshika penseli, moyo unanidunda, kwa sababu yule ni mtoto wa jirani yangu, na baba yake ndiye alikuwa anatupitia kwa gari kila Jumamosi. Nikaandika. Nikachora.

Matokeo yalipobandikwa yule binti ameondolewa. Kocha ana dakika 15 za kupinga tangu orodha itoke, na baba yake akamwomba kocha apinge. Nikaitwa mbele ya majaji na kadi yangu. Nilieleza nilichoona, kwa sentensi fupi fupi za Kiingereza changu, nikaonyesha mchoro. Wakauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Pingamizi likakataliwa.

Tulirudi kwa gari lilelile. Njia nzima yule baba hakutamka neno. Tulipofika kwangu akashuka, akanisaidia kushusha skii za pacha, akasema wiki ijayo atanipitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida. Na wiki iliyofuata akanipitia.

Kuhusu watoto wako: makundi yanakwenda kwa mwaka wa kuzaliwa, U10 (yaani chini ya miaka 10), U12, U14, U16. Wa miaka 9 ana nafasi ya kujifunza pamoja na wenzake. Wa miaka 12 wenzake wengi wameanza na miaka mitatu, kwa hiyo msimu wa kwanza umpeleke kwenye masomo ya kawaida tu, asiingizwe kwenye mbio akaumia moyo. Mwambie ukweli huo mapema, ukiwa bado Dar.

Vifaa nunua mtumba, na wala usione haya. Huko kila vuli kuna mauzo ya vifaa vilivyotumika, kwa sababu watoto wanakua na skii za mwaka jana hazifai tena. Skii, fimbo, suruali, vyote chukua huko. Kofia ngumu nunua mpya, kwa sababu kofia iliyowahi kugonga huwezi kuijua kwa macho. Kwa mbio za slalomu kubwa (nguzo zimeachana zaidi na kasi ni kubwa) lazima iwe na ganda gumu mpaka masikioni na ile lebo ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii, nyuma. Buti zipimwe mguuni kwa fundi. Na fundi akikuuliza uzito wa mtoto kwa ajili ya kurekebisha vishikizo vinavyoshika buti kwenye skii, taja uzito wa kweli, usitaje wa kumpendeza mtoto. Vishikizo vinawekwa kwa uzito, urefu, umri na ukubwa wa buti. Vikikaza mno havimwachii akianguka, na goti ndilo linaloumia.

Mumeo naye atapata kazi. Wangu kila Ijumaa usiku anakuwa kwenye banda la gari na faili na pasi ya nta. Kwanza ananoa kingo, halafu anadondosha nta juu ya skii, anaipiga pasi mpaka ing'ae, anaacha ipoe, ndipo anaikwangua. Sakafu inajaa mabaki kama ya mshumaa. Nta inachaguliwa kwa joto la theluji la kesho yake. Zile zenye floraini zilipigwa marufuku na FIS kuanzia msimu wa 2023/24, kwa hiyo mtu akikupa kopo la zamani bure, usilipeleke kwenye mashindano.

Nguo sasa. Kosa langu la kwanza lilikuwa pamba. Nilivaa fulana ya pamba, sweta, na kanga kiunoni chini ya koti, nikidhani nimejifunika. Kijiji cha Whistler kiko chini, kama mita 670 tu, na majira ya baridi kunanyesha mvua ya kawaida mara nyingi, huku juu kunaanguka theluji. Ukilowa chini ukapanda juu na pamba yako, inashika maji na kukugandisha. Tabaka la ndani liwe la sufu au la kitambaa cha michezo, katikati kitu cha joto, nje kitu kisichopitisha maji. Koti la nje unaweza kulipata hapa hapa Dar. Nenda Karume. Marobota yanakuja na makoti ya theluji na kwa joto hili wanunuzi ni wachache. Angalia zipu, kisha geuza ndani utazame ile tepu ya kwenye mishono. Ikiwa inabanduka, achana nalo.

Mengine nayapitia haraka. Bima ya afya ya jimbo haianzi siku ya kushuka: unasubiri mwezi uliobaki na miezi miwili mbele, kwa hiyo nunueni bima binafsi ya muda huo, hasa na watoto wanaojifunza kuanguka. Nyumba ndiyo vita kubwa ya mji ule. Jiandikisheni Whistler Housing Authority, shirika la nyumba la mji, mara tu mnapokidhi vigezo, kwa sababu foleni ni ndefu na kila mwezi unaochelewa unakurudisha nyuma. Mkinunua gari, barabara ya kwenda Vancouver inadai matairi ya baridi kuanzia Oktoba 1.

Na beba chupa kubwa ya chai. Mimi nabeba ya tangawizi na maandazi, nagawa pale getini. Siku ya kwanza nilipogawa ndipo nilipoanza kuitwa kwa jina langu.

Kutoka: Mjomba wa Tirol

Habari za leo. Niko Austria miaka mingi, watoto wangu walipita njia hiyo hiyo. Sina la kuongeza kwenye ya Mama Pacha isipokuwa moja. Dada, wanao watakuwa peke yao weusi mlimani kwa siku nyingi, na watoto huliona hilo kabla ya wazazi. Waonyeshe picha za mbio za Sabrina Simader. Amezaliwa Kilifi, akaja Austria akiwa mdogo sana, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, kwenye slalomu kubwa na super-G (mbio za kasi zaidi ya slalomu kubwa). Binti yangu alibandika picha yake juu ya kitanda. Alikuwa haongei habari za rangi, lakini ile picha hakuitoa mpaka alipohama nyumba.

Kutoka: Dada wa Sinza

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote, hiyo ya bima hatukuwa nayo kabisa. Huyu mkubwa nimemwambia kuhusu msimu wa kwanza bila mbio. Amenuna kidogo, halafu akaniuliza kama anaweza kushika saa na mimi.

Mama Pacha, swali la mwisho. Mama yangu anabaki hapa na presha. Anaogopa kusikia watoto wanashuka mlima kwa kasi. Wewe mama yako ulimtulizaje?

Kutoka: Mama Pacha

Mwambie mwanao anaweza, watoto wa umri wake huwa wanasaidia kusoma namba pale mwishoni, nami nilikuwa na mmoja kama huyo pembeni yangu.

Mama yangu sikumtuliza kwa maneno. Mbio za Jumamosi zikiendelea asubuhi kule, hapa Tabata inakuwa usiku, ameshaswali isha. Nampigia kwa video nikiwa getini, kati ya mshindani mmoja na mwingine, namwonyesha nyavu za usalama pembeni ya njia, daktari alipokaa, na wale wanaopita kiubavu kusawazisha mifereji inayochimbwa na skii. Aliuliza hizo nyavu ni za uvuvi? Tangu hapo anaulizia nyavu kabla ya kuuliza nani kashinda. Fanya hivyo. Mama aone nani anawaangalia wajukuu zake.

Mimi naondoka tarehe 20. Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa Karume, kabla jua halijawa kali. Njoo na vipimo vya mabega na urefu wa mikono ya watoto, ongeza sentimita tano kwa kila mmoja. Nitumie namba yako pembeni, tusikosane.