Fomu za programu: kuzichora kwa kipanya au kuziandika kwa msimbo?

Mwana wa Chumbageni
Ndugu zangu, ninatengeneza programu ya kupokelea maziwa kwa kituo kimoja hapa Tanga, kwa C# (lugha ya kuandikia programu) na Windows Forms (zana za kutengenezea madirisha ya programu). Fomu zote nilizichora kwa kipanya kwenye dizaina, ubao wa kuchorea fomu ulio ndani ya programu ya Visual Studio, na lebo, yaani maandishi ya kutaja kila kisanduku, nikazizimia AutoSize (inayoifanya lebo ijipime kulingana na maandishi yake) ili zote ziwe na upana mmoja. Kwangu zilipendeza. Kwenye kompyuta ya karani, ambayo maandishi yake yamekuzwa hadi asilimia 125, lebo za "Kiasi kilichopokelewa" na "Kiasi kilichokataliwa" zilikatika, zote mbili zikasomeka "Kiasi" tu, naye asubuhi nzima akaingiza lita nzuri kwenye kisanduku cha maziwa yaliyokataliwa. Je, niache kuchora, niandike kila kitu kwa msimbo?

Fundi Ngamiani
Kaka, dizaina nayo huandika msimbo: fungua Form1.Designer.cs, utazame ndani ya InitializeComponent, sehemu inayojenga fomu, utaona kila lebo imepewa Location (mahali) na Size (ukubwa) kwa namba. Kilichokuponza ni namba hizo. Weka TableLayoutPanel, jedwali la kupangia vitu kwenye fomu, yenye safu wima mbili, ya lebo iwe AutoSize na ya visanduku ichukue asilimia 100 ya nafasi inayosalia, kisha uwashe AutoSize ya lebo zenyewe. Yote hayo yanafanyika kwa kipanya. Tena lebo zako mbili zinatofautiana mwishoni, ndiko huko huko kunakokatwa.

Mzee wa Pangani
Nimeanza kuchora fomu tangu enzi za Visual Basic, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1991, na sijaacha; lakini fomu yenye visanduku vinavyojirudia huiandika kwa msimbo, kwa sababu kitanzi (amri ya kurudia kazi ileile) cha mistari michache hutosha, na wenzangu wakiibadilisha kupitia Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, mabadiliko yanasomeka. Jambo moja tu, mwanangu: usiandike chochote ndani ya InitializeComponent, kwa maana dizaina huiandika upya na mistari yako hupotea bila taarifa. Andika mbinu yako, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake, uiite baada ya InitializeComponent.

Mwana wa Chumbageni
Shikamoo Mzee, na ahsante Fundi. Nimepanga upya fomu ya mapokezi kwa TableLayoutPanel, na kwa asilimia 125 lebo zote mbili zinasomeka hadi herufi ya mwisho. Fomu ya malipo ya mwezi, ambayo nilikuwa nimechora visanduku 31 kimoja kimoja, nimeifuta. Usiku huu ninaiandika kwa kitanzi.