Poliesta, epoksi, au tuchanganye zote mbili? Boti imepasuka

Mvuvi_Mtoni: Wakuu, salaam. Boti yangu ya faiba imepasuka chini, nimeshaivuta pwani. Fundi anataka tuchanganye rezini (ule utomvu wa kugandishia faiba) ya poliesta na ya epoksi kwenye ndoo moja, anasema bei itashuka na nguvu itabaki. Nanunua kesho asubuhi. Mnasemaje?

Kojani_Nahodha: Mkuu, hujasema kitu. Ufa una urefu gani? Umetoboa hadi ndani au ni jelikoti tu, lile gamba la rangi la juu? Boti ilijengwa kwa rezini gani?

FundiFaiba: Usichanganye kabisa! Poliesta inakazwa na katalisti (dawa ya kukazia) iitwayo MEKP, asilimia 1 hadi 2. Epoksi inakazwa na hadina (dawa yake ya kukazia) ya aina ya amaini, tena kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Ukizitia ndoo moja zinaharibiana, unabaki na uji unaonata. Unayotaka kuchanganya wewe, kiwandani wameshakufanyia: vinaili esta. Ni epoksi iliyounganishwa na asidi ya methakriliki na kuyeyushwa kwa staireni, kiyeyushi kilekile kilichomo kwenye poliesta, ndiyo maana inakazwa na MEKP kama poliesta.

BintiShomari: Haya yametukuta nyumbani. Mume wangu aliziba tezi kwa epoksi, na kwa vile wageni walikuwa wanakuja akapaka jelikoti ya poliesta jioni ileile. Asubuhi nikagusa, alama ya kidole ikabaki. Siku tatu bado inanata. Tukaibandua kwa kisu, inatoka vipande kama ngozi ya changu. Wageni wakapanda boti ya jirani. Epoksi ikikauka huacha utando kama mafuta; osha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu.

MzeeWaGati: Epoksi ya nini? Boti ya poliesta irudishiwe poliesta. Miaka yote natumia hiyo.

FundiFaiba: Mzee wangu, kwa heshima zote, poliesta mbichi haiishiki vizuri ile iliyokauka zamani, halafu inasinyaa. Chini ya maji mimi natia epoksi, na kitambaa cha kufumwa. Mkeka wa nyuzi fupi unataka staireni ndipo ulainike, na epoksi haina.

Maabara_Dar: Ongezeni na joto. Epoksi iliyokaza kivulini huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 au 60 hivi. Boti ya rangi nyeusi, jua la saa saba, inafika huko. Ikishaganda, ifunike turubai jeusi juani ikaze zaidi kabla hujaishusha majini.

Mvuvi_Mtoni: Ahsanteni. Ufa ni kama dhiraa moja, umetoboa. Boti ni bluu iliyokoza. Poliesta lita 5 fundi ameshaileta.

Kojani_Nahodha: Ipake nyeupe basi.

MzeeWaGati: Nyeupe inafukuza samaki!

Kojani_Nahodha: Mzee, Pemba tunavulia nyeupe na tunarudi tumejaa.

BintiShomari: Lakini hiyo poliesta ina muda gani dukani? Kopo likitikiswa, bado inacheza au imeshakuwa nzito?