Nguo za kinga za mbio za skii: kinga mnaitangaza kwa herufi kubwa, chati ya saizi ni ya pajama

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye mavazi na urembo, maana hapa hakuna urembo. Hapa kuna chuma kilichonolewa na mguu wa mtoto.

Kwa wanaopita tu: nguo ya ndani ya kinga ni fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zinavaliwa chini ya suti ya mbio za skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Zimefumwa kwa nyuzi zisizokatika kirahisi, ama aramidi ama ile polietilini ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dyneema. Mwanamichezo akianguka, ukingo wa chuma wa skii yake mwenyewe unaweza kumrudia, na ukingo wa skii ya mbio haukwaruzi, unakata. Mmarekani Bode Miller, kwenye mashindano ya dunia ya 2015 kule Beaver Creek, Marekani, alinasa mkono kwenye lango (zile nguzo za kupitia) kwenye super-G, mojawapo ya mbio za kasi, akaanguka, skii ikamkata kano ya nyuma ya paja. Hakushindana tena Kombe la Dunia. Januari 2024 Mnorwe Aleksander Aamodt Kilde akaanguka Wengen, Uswisi, karibu kabisa na mwisho wa mbio za mteremko, bega likateguka na shavu la mguu likachanwa vibaya. Kuanzia msimu wa 2024/25 FIS, shirikisho la kimataifa la skii, wakazifanya nguo hizi kuwa lazima kwenye Kombe la Dunia. Klabu ya kijana wangu nayo ikatangaza kwamba asiyenazo asisogelee malango.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Nililipa, na nililipa vizuri. Ugomvi wangu ni saizi.

Chati niliyopewa na muuzaji ina safu mbili: urefu wa mtu na uzito wake. Basi! Hakuna mzingo wa paja, hakuna mzingo wa shavu la mguu, hakuna urefu kutoka kwenye kinena hadi upindo wa mguu. Sasa mtu yeyote aliyewahi kumwona kijana wa skii amevua suruali anajua wameumbwaje. Kiuno chembamba, halafu paja kama la mtu mwingine. Miaka yote wanachuchumaa na vyuma mabegani, kwani mlitegemea nini? Kijana wangu kwa urefu na uzito ni M. Hiyo M ilipanda hadi nusu ya paja ikagoma. Alipoilazimisha ikapanda, lakini kitambaa kilivutika mpaka ukawa unaona ngozi katikati ya mafumwa. L ikaenea kwenye paja, ikapwaya kiunoni, na goti la suruali likakaa chini ya goti la mwenyewe.

Naandika huduma kwa wateja. Jibu: "Chagua saizi unayovaa kawaida." Unayovaa kawaida! Nguo ya joto ya kawaida ina lastiki ya kusamehe, ukikosea saizi moja inakufuata tu. Uzi wa Dyneema ukiuvuta unarefuka kama asilimia 3 au 4 hivi, kisha unakatika. Mvutiko wote wa nguo hizi unatokana na namna zilivyofumwa na hiyo lastiki kidogo waliyochanganya. Kwa hiyo M ya fulana yako ya siku zote na M ya nguo ya kinga hazina undugu, na muuzaji ndiye wa kwanza kulijua hilo. Lakini chati amechukua ile ile ya nguo za joto, akabadilisha picha juu yake.

Sasa njooni kwenye kitu kinachoniudhi zaidi, ile herufi. Mabango yao yote yamepambwa: kinga ya daraja C, daraja D, mpaka E. Herufi hizo zinatoka kwenye EN 388, kiwango cha Ulaya kilichoandikwa kwa ajili ya glavu za kazi. Namna wanavyopima ni hivi: kipande cha kitambaa kinabandikwa, wembe unapitishwa juu yake kwa umbali wa milimita 20, na wanatafuta ni nguvu kiasi gani inahitajika ili ukate hadi upande wa pili. A inaanzia nyutoni 2, C inaanzia 10, F ni 30 kwenda juu. Sina tatizo na kipimo chenyewe. Lakini kile kipande kimetulia pale, hakijavutwa na paja la mtu. Ukikivuta, mafumwa yanafunguka, na mahali palipokuwa na nyuzi nyingi panabaki chache. Je, suruali iliyovutika mpaka ngozi inaonekana bado ni daraja lile lile? Nimeuliza. Nimejibiwa kwamba "bidhaa zetu zote zimethibitishwa." Hilo sikuuliza, bwana.

Na wale wa "chukua kubwa, ni salama zaidi," nanyi subirini. Nguo kubwa inazunguka. Nyingi ya nguo hizi hazijafumwa nyuzi ngumu mwili mzima, zina vipande vya kinga sehemu maalumu tu: ndani ya paja unakopita mshipa mkubwa wa damu, nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu. Sehemu nyingine ni kitambaa cha kawaida. Suruali ikizunguka kidogo tu, kipande kilichotakiwa kulinda ndani ya paja kinakwenda mbele, na ule mshipa unabaki na kitambaa cha kawaida. Tena upwayaji unatengeneza mikunjo. Kaza suti ya mbio juu ya mkunjo, halafu funga na kinga ya mgongo, utaniambia baada ya mbio mbili ngozi ya kijana ikoje.

Halafu kuna eneo la juu ya buti, ambalo kwangu ndilo la hatari kuliko yote, na chati zao hazilitaji hata kwa bahati mbaya. Suruali nyingi za kinga zinaishia katikati ya shavu la mguu, na kwa sababu nzuri: buti la mbio ni gumu na linabana kweli kweli, ukiingiza upindo mle ndani unaugulia muundi siku nzima. Kwa hiyo upindo unatakiwa ufike pale pale kwenye mdomo wa buti, usiingie, usiache nafasi. Sasa mwambie kijana asimame wima, suruali inafika. Mwambie akunje magoti kama yuko kwenye mbio, kitambaa kinavutwa na goti na makalio, upindo unapanda. Pakabaki pengo. Pengo hilo liko pale pale ambapo Kilde alikatwa, kwenye shavu la mguu. Ndiyo maana nataka urefu wa mguu wa suruali kwa sentimita, kwa kila saizi, na nataka kuambiwa umepimwa goti likiwa limekunjwa au limenyooka.

Fulana nazo hivyo hivyo. Kijana akiinama na kupeleka mikono mbele, mgongo unarefuka, fulana inachomoka kiunoni. Mkia wa nyuma una urefu gani? Siri ya kampuni, bila shaka.

Na kwenye mbio za kasi, mteremko na super-G, Kombe la Dunia sasa wanavaa pia fulana ya mfuko wa hewa unaojijaza mtu akianguka, nayo inakaa katikati, juu ya nguo ya ndani na chini ya suti. Ukipima kifua cha mtoto bila kufikiria hayo matabaka, suti inakataa kufunga zipu, na anayelaumiwa ni mtoto kwamba kanenepa. Kinachochekesha ni kwamba kanuni za suti za mbio zinapima hadi hewa inayopenya kwenye kitambaa: isipungue lita 30 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Watu wamehesabu hewa! Na mfanyabiashara ameshindwa kuzungusha futi kamba kwenye paja.

Nikaomba kurudisha. "Samahani, hii ni nguo ya ndani, kwa sababu za usafi haturudishi." Kwa hiyo chati hainiambii chochote, kujaribu kwa kuvaa siruhusiwi, na nikikosea ni hasara yangu. Huo ni mtego, msiuite utaratibu.

Kwa wazazi walioniuliza inbox, mimi sasa napima hivi, na muuzaji asiyeweza kunijibu kwa vipimo hivi simpi hela yangu. Napima paja mahali lilipo nene zaidi, misuli ikiwa imekazwa, na ikiwezekana baada ya mazoezi, maana asubuhi paja linakudanganya. Shavu la mguu. Kinena hadi mdomo wa buti, buti likiwa limevaliwa na kufungwa. Shingo ya nyuma hadi makalio, mtoto akiwa ameinama. Zikifika, nguo zinavaliwa na buti, mtoto anajikunja kama yuko kwenye mbio, anainuka, anajikunja tena mara kadhaa, halafu natazama: upindo umepanda? Kipande cha ndani ya paja kimehama? Nikitazama kwa karibu naona ngozi kupitia kitambaa? Kama jibu la lolote ni ndiyo, saizi siyo hiyo, hata lebo ikisema nini. Na msizikaushe kwa mashine ya joto. Dyneema inayeyuka karibu na nyuzi joto 150 za Selsiasi, lakini inaanza kupungua nguvu mapema kuliko hapo.

Kuhusu "mtoto anakua, chukua inayomzidi atavaa misimu miwili," koti la baridi sawa, chukua. Hii hapana. Anavaa sasa ili imlinde sasa. Na kama bei inawafanya wazazi wanunue zinazopwaya, basi vilabu viwe na akiba ya saizi za watoto, anayekua anaacha, mdogo wake anachukua. Zikaguliwe kwanza kama hazijachanika, bila shaka.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika kwamba "wataalamu wanajua, wewe mzazi unalalamika tu," naomba mtaalamu huyo aje hapa ajibu swali moja: saizi M inaweza kuvutwa hadi sentimita ngapi za paja kabla daraja la kinga halijashuka? Namba tu, sihitaji cheti.

Na mwenye chati ya kampuni yoyote yenye mzingo wa paja na urefu wa mguu kwa sentimita, aibandike hapa chini. Msimu unaanza na kijana bado hana suruali.